Mkono wa Mjomba Uliobaki Hewani

Kuna jambo nililoliamini kwa moyo wangu wote, na baadaye kwa cheti cha masomo ya jioni juu yake: kwamba ukitazama video ya mtandaoni, ukabonyeza vile vijiti viwili vya kusimamisha, yule mtu wa kwenye video anasimama kweli huko aliko. Kama ni mwimbaji yuko Kinshasa na ameinua mguu, basi mguu unabaki juu mpaka wewe wa Masisi umalize uji wako, ufute mdomo, ubonyeze tena.

Habari hii niliipata Rubaya, kwenye kibanda cha kuchajia simu, mahali ambapo habari zote za dunia hupita zikiwa bado za moto. Siku hizo nilikuwa nauzia wachimbaji maandazi, maandazi mazuri, mtu akila mawili anaweza kupanda kilima na gunia mgongoni bila kugusa ardhi. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa redio tatu na uhakika wa kutosha kijiji kizima. Alinionyesha mhubiri mmoja kwenye simu, akaniambia:

“Unaona vile anafungaka shingo? Unajua ju ya nini?”

“Sijue, Papa.”

“Batu banamusimamisha. Huyu anabonyeza aende kunywa maji, ule anabonyeza aitike telefone. Shingo ya muntu itavumilia aje?”

Nikaguna, nikakubali. Nani angebishana na redio tatu?

Toka siku hiyo nikawa mtazamaji mwenye adabu kuliko wote kati ya Sake na Walikale. Mcheza dansi sikumsimamisha akiwa hewani, hata nyumba iungue. Nilingoja miguu yake iguse chini. Mpira niliusimamisha pale tu ulipotoka nje, wachezaji wapate kupumua. Mama anayekaanga samaki kwenye video sikuthubutu kumgusa mkono wake ukiwa juu ya mafuta. Siku moja mvua ilikuja na nguo zangu ziko kwenye kamba, na mhubiri wangu alikuwa amepiga magoti kwenye sementi. Ningefanya nini, nimwache juu ya magoti? Nilimsikiliza mpaka amina. Suruali zangu zilinywa maji hadi zikaanza kujiona samaki.

Ungefikiri shule ingenitoa hapo. Shule ndiyo iliyonizamisha.

Nilisoma masomo ya jioni, ya ofisi na hesabu, na ndani yake kulikuwa na saa chache za informatiki, mambo ya kompyuta. Mwalimu wetu alichora ubaoni njia mbili, moja nyembamba na moja pana. Akasema, na alisema kweli, kwamba simu yako haina ile video. Video iko mbali. Simu inatuma amri ndogondogo kwa njia nyembamba: nieleze una nini, nitayarishie, cheza, simama, funga. Kisha picha na sauti zinakuja kwa njia pana, zimekatwa vipande vipande, kipande nyuma ya kipande. Zile kanuni za kuagizana, nani aseme nini na mwenzake ajibu nini, ndizo zinaitwa protokole.

Darasa zima lilikuna kichwa. Mimi nilielewa kabla hajafuta ubao, kwa sababu nimekaa Rubaya. Mfanyabiashara anasimama chini ya kilima anapiga kelele, “Leteni!” Kelele inapanda mlima kwa kufumba jicho. Lakini magunia ya madini yanashuka mgongoni mwa watu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa njia ya matope. Akipiga tena kelele, “Simama!”, walio juu wanatua mizigo, ila walio njiani tayari wanazidi kuja. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye akili anaweka magunia machache mlangoni: njia ikiteleza, anauza yale kwanza. Simu nayo hivyohivyo, inajiwekea vipande vichache mlangoni. Vikiisha na vingine havijafika, ndipo unaona kile kiduara kinazunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Nilisimama nikalieleza darasa hivyo. Walipiga makofi hadi mlinzi akaja kuangalia nani ameolewa.

Mwalimu hakusema kitu kimoja tu: huko mwisho wa njia, amri inapofika, inapokelewa na nani. Na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilijua tayari. Inapokelewa na mtu. Anaambiwa simama, anasimama.

Nilipata cheti. Kwetu Nyamitaba cheti kikafanya kazi yake: nikaitwa injinia. Kuku akikataa kulala ndani, aitwe injinia. Basi mdogo wangu wa kike alipopata mchumba, fundi cherehani wa Mweso, kijana mpole mwenye tepe ya kupimia shingoni hata kanisani, kila mtu alijua mambo ya mashine ni yangu.

Na mashine ilihitajika kwa sababu ya mjomba.

Mama yangu ametoka Walikale, kwa watu wa msituni. Kwao msichana haondoki nyumbani kabla kaka wa mama hajamnenea. Ni wakristo wote, Jumapili huwezi kupata benchi, lakini mjomba hunena kwanza, padri hufuata. Anashika tawi la majani lililochovywa kwenye maji, anainua mkono, anawataja wa nyuma waliomzaa huyo msichana kutoka msituni mpaka kwenye vilima, kisha anashusha mkono na maji yanamnyeshea. Sharti ni moja: maneno hayakatwi. Mjomba akikohoa katikati, akisita katikati, inabaki kazi ya siku nyingine. Mama ana mfano wake wa binamu aliyenenewa, mbuzi akaingia mbio, mjomba akanyamaza kumfukuza, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wakaoana hivyohivyo. Mpaka leo mume anakoroma hadi majirani wamehama.

Mjomba mwenyewe hakuweza kuja. Nyonga yake haimruhusu, na barabara ya kutoka kwao mpaka kwetu ina sababu nyingi za kutopitika. Mvua ndiyo ile ninayoweza kuiandika nikicheka.

Lakini ana binti, na binti yake ni fundi wa mitambo kwenye redio ndogo ya kule, mwanamke wa mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi. Tukapanga naye kwa simu. Siku mbili kabla ya arusi akanitumia lien, yaani kiungo cha video, na ujumbe mfupi: “Yote iko tayari. Siku ikifika, mukishaikala wote, bonyeza hapa, baba ataanza.”

Mtu mwingine angesoma hayo akaenda kulala. Mimi nilisoma nikaona mjomba wangu amevaa koti, amesimama Walikale na tawi mkononi, anangoja kidole changu.

Kwa hiyo asubuhi ya arusi, pale ukumbini Mweso, niliwasumbua watu vibaya sana. Tulikuwa tumetandaza shuka jeupe ukutani, tumeweka projekta na spika mbili kubwa kama makabati, na tumenunua wifi ya siku nzima. Upande wa bwana arusi walikuwa wameanza nyama ya mbuzi.

“Bapendwa, mukae! Muzee iko anasimama kule toka asubui!”

Baba wa bwana arusi, mzee mnene mwenye sauti ya ngoma, akatazama mfupa wake, akanitazama mimi. “Sasa ju ya nini asiikale?”

“Papa, nikibonyeza akiwa anaikala, tutamukuta mu kiti. Maneno ya muzuri haisemwe mu kiti.”

“Eeh. Basi tuache nyama,” akasema kwa uchungu wa kweli. “Injinia amesema.”

Mdogo wangu akapiga magoti mbele ya shuka, kichwa kimefunikwa kitambaa. Bwana arusi akasimama nyuma yake katika suti aliyojishonea, suti iliyokaa mwilini vizuri hadi ungedhani amezaliwa nayo. Nikabonyeza.

Mjomba akatokea, mkubwa kama mlango wa kanisa. Ukumbi ukasema “Aah!” kwa sauti moja. Akachovya tawi. Akaanza kunena kwa ile sauti yake ya mtu aliyezoea kuitana msituni, akamtaja bibi, akamtaja mama wa bibi, akavuka mito, akapanda kuelekea kwetu. Mama alikuwa analia vizuri, kwa utaratibu. Mjomba akainua mkono juu kabisa, tawi linadondosha maji, akasema, “Na kule unakwenda…”

Na akasimama.

Mkono juu. Mdomo wazi. Tone moja la maji lilikuwa limeachia jani na halijafika chini. Lilining’inia pale kwenye shuka, linang’aa. Na juu ya paji la uso la mjomba, kiduara kinazunguka.

“Amekata?” mama akauliza polepole.

“Hapana, Mama. Iko anangoja.”

“Anangoja mukono juu?”

“Rezo, ule mutandao, njo inamusimamisha. Atavumilia.”

“Atavumilia?” Mama akasimama. “Ule mukono njo ule alivunjaka akianguka ku muti wa asali! Unamuua kaka yangu!”

Hapo ukumbi ulivurugika. Mmoja aliniambia nifunge. Nikasema nikifunga najua vipi kama hatabaki vile moja kwa moja. Mwingine akaniambia nibonyeze kusimamisha. Nikamwambia kusimama amekwisha simama, tatizo letu ni hilohilo. Shangazi yangu mmoja, mwanamke wa vitendo, hakungoja mjadala. Alivua viatu, akapanda kiti, akaweka kiganja chake chini ya kiwiko cha mjomba pale kwenye shuka, akamsaidia kubeba. Kivuli chake kilifunika nusu ya uso wa mjomba, lakini hakuna aliyemwambia ashuke. Wawili walisogea kumshikia kiti.

“Batu ya Nyamitaba,” akasema baba wa bwana arusi, “munatesa muzee mbele ya bakwe.”

Mdogo wangu hakuinua kichwa. Alinivuta suruali tu, akanong’ona, “Kaka. Ikikatika, Mama atasema tungoje mujomba akuje yeye mwenyewe.”

“Atakuja.”

“Na ile nyonga yake? Na ile barabara? Atakuja mwaka gani?”

Nilimtazama bwana arusi. Jasho lilikuwa limeanza kuharibu kazi yake nzuri ya cherehani. Na mimi, niliyeitwa injinia hata kwa ajili ya kuku, nilikuwa nimeshika kebo bila kujua inaelekea wapi.

Ndipo nikaona huko nyuma. Vijana wa upande wa bwana arusi, benchi nzima, vichwa chini, nyuso zina mwanga wa simu. Mmoja anatazama mpira, mmoja anatazama dansi, binti mmoja anarusha kwa rafiki zake picha za mjomba aliyekwama. Wote kwa wifi yetu. Nikakumbuka kilima cha Rubaya: njia ni moja, na mizigo ya watu wote inashukia hapohapo. Gunia la mjomba lilikuwa limebanwa nyuma ya magunia ya upuuzi.

Nikapanda juu ya benchi. “Kila muntu azime telefone! Wifi iko moja, njia iko moja! Kila video munaangalia huko nyuma, munamubebesha mujomba wangu!”

“Papa, mie naangalia goli moja tu,” kijana mmoja akasema.

“Goli moja ku mukono ya muzee! Zima!”

“Iko karibu kuingia…”

“Zima, mutoto weye!” ikanguruma sauti ya baba wa bwana arusi, na nadhani kuna simu za Kitshanga zilizojizima kwa sauti ile.

Zikazimwa. Moja baada ya nyingine, nyuso zikarudi gizani. Kiduara kikazunguka, kikasita. Mjomba akarudi kwanza akiwa na ukungu, kama mtu unayemtazama kupitia moshi wa jikoni, kwa kuwa rezo ikiwa nyembamba picha hujipunguza ili ipite. Tone la maji likaanguka. Shangazi akaondoa kiganja haraka, na mkono wa mjomba ukashuka.

“…na kule unakwenda, ukute mulango wazi,” akasema mjomba, palepale alipokuwa ameachia, kama hakuna kitu kilichotokea. Akamaliza yote. Akasema amina. Ukumbi ulipiga makofi hadi mabati yakatoa vumbi.

Mama peke yake hakupiga.

“Maneno imekatwa,” akasema.

“Mama, amesema yote.”

“Amesema yote, lakini amesimama katikati. Nimeona kwa macho yangu. Muntu akisimama na mukono juu wakati wote ule, roho yake inabaki mu maneno? Labda alikasirika. Labda alisema mu roho yake, hawa batoto bananichezea. Hayo nayo imeingia mu baraka.”

Baba wa bwana arusi akajaribu: “Mama, ameanzia palepale aliachia. Sentensi iko ile ile.”

“Na ule wa mbuzi? Naye aliendelea palepale.”

Basi mimi, kwa upendo, nikaenda kumtetea mdogo wangu, na nikamchimbia shimo. “Mama, mujomba hakukasirika. Alitungoja tu. Alisimama kwa mapendo!”

“Unasikia?” mama akawageukia wote. “Injinia mwenyewe anakubali. Alisimama.”

Mdogo wangu akavua kile kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye paja. Hakulia. Afadhali angelia. Bwana arusi akaishika tepe yake ya kupimia, akaizungusha kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

“Mupigie,” akasema mdogo wangu. “Mujomba mwenyewe aseme kama alisimama.”

Hakuna aliyekuwa amefikiri hivyo. Nilipiga simu ya kawaida, nikaiweka kwenye sauti ya juu, nikaisogeza kwenye maikrofoni ya ukumbi. Ikaita. Mama alishika mikono yake miwili kifuani.

“Alo?” Ilikuwa sauti ya mjomba, na mdomo wake umejaa.

“Kaka!” mama akasema. “Mukono iko aje?”

“Mukono gani?”

“Ule uliinua!”

“Uko kwa sahani. Nakula bugali na sombe.” Akatafuna. “Batoto bameoana?”

Mama akaisogelea simu.

“Kaka, wakati unamunenea mutoto, ulisimama katikati?”

“Nani anasimama katikati ya maneno? Weye unajua desturi ama umesahau huko ku vilima? Nilisema moja kwa moja, kupumua nilipumua kidogo tu. Ilikuwa juzi, ku kibaraza cha redio. Nikamaliza, nikaenda ku shamba.”

“Juzi?”

“Juzi. Leo nilikuwa na kazi ya kupalilia mupunga.”

Mama akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku nilipoteketeza maandazi ya arusi ya jirani. Kisha akauliza tena, neno kwa neno, kama mtu anayekaza kamba ya mzigo: “Kwa kinywa chako, kaka. Hakuna mahali ulikata?”

“Hakuna. Mutoto amenenewa. Muache nimalize sombe.”

Mama akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele ambacho nadhani mjomba alikisikia Walikale bila simu. Shangazi akadakia, wengine wakadakia. Mdogo wangu akakikunjua kile kitambaa, akajifunika tena kichwa, na bwana arusi akamsaidia kusimama. Baba wa bwana arusi hakungoja padri. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyama.

Mimi nilibaki na simu mkononi. Nikaizima ile sauti ya juu, nikasogea nayo mlangoni, nikaomba nipewe binamu yangu wa redio.

“Dada,” nikasema, “lakini nilibonyeza, akaanza. Rezo ikakosa, akasimama. Tuliona wote. Shangazi alimubeba mukono.”

“Alimubeba mukono?” Alicheka hadi nikasikia anatafuta mahali pa kukaa. Aliponyamaza, alinieleza taratibu.

“Kaka, nilimurekodi. Video iko mu seva, ni mashine. Ukibonyeza cheza, unaambia mashine ianze kutuma. Ukibonyeza simama, unaambia mashine iache kutuma, na inakumbuka mulifika wapi. Rezo ikipungua, vipande vinachelewa njiani, njo vile tu. Hata ingekuwa anasema saa ileile munamuangalia, angeendelea kusema, nyinyi mungebaki nyuma. Kinachosimama ni picha yako. Muntu hasimamaki.”